Msomi, Nipe Kopi Mbili

Nimechoka kuwa mfano. Kila jioni pale kijiweni kwa bodaboda, ukizuka ubishi wa kama vyeti vina maana yoyote katika maisha, lazima mtu mmoja anyooshe kidole kwenye kibanda changu cha steshenari na kusema, "Si yule Msomi pale? Ana digrii, anatoa kopi." Hoja inaishia hapo. Hata mimi mwenyewe, nikiwa ndani nahangaika na karatasi iliyokwama kwenye printa, huwa sina la kuongeza.

Nina shahada ya sosholojia. Naitaja mapema ili tuimalize. Anayeikumbuka sana siku hizi ni Bodi ya Mikopo. Sheria inasema mnufaika aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Nimepiga hesabu ya asilimia 15 ya mshahara ambao haupo, na hiyo ndiyo hesabu pekee iliyowahi kuniendea vizuri tangu darasa la saba.

Kibanda changu kiko Terrat. Kwa wasioijua, ni kata ya kusini mwa Jiji la Arusha, ukishaiacha Njiro nyuma na lami ikianza kukuonea aibu. Juzijuzi tu palikuwa pa kuchungia mifugo. Siku hizi panachungwa viwanja. Mchungaji mkuu ni jirani yangu, dalali. Aliishia darasa la tano, hana ofisi, hana mashine ya risiti, ana fimbo. Anaielekeza fimbo kwenye kichaka, anasema "kutoka pale mpaka kwenye ule mgunga", na kwa tendo hilo la kunyoosha mkono anachukua asilimia kumi ya mauzo. Hapo bado hujaweka hela ya kuonyeshwa, ambayo unailipa hata kama kiwanja hukukipenda. Yeye ndiye mwenyekiti wa kudumu wa ule ubishi, na msimamo wake unafahamika kata nzima: shule ni kupoteza muda.

Ubishi wenyewe una njia moja tu, nayo inakwenda Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Anza na bei ya nyanya ukitaka, utafika kwa Saniniu Laizer. Juni 2020 mchimbaji huyo wa Simanjiro aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa Sh7.74 bilioni, na Rais Magufuli akampigia simu hadharani kumpongeza. Agosti hiyohiyo akaibuka na la tatu, kilo 6.3, Sh4.8 bilioni. Kuna vijana pale kijiweni wasiojua tarehe za kuzaliwa za watoto wao, lakini uzito wa mawe haya wanakutajia mpaka nukta. Na kwa kuwa Laizer alisema mwenyewe, bila kificho, kwamba hakusoma, kesi inafungwa na mimi nahukumiwa kuendelea kutoa kopi.

Laizer sina ugomvi naye, Mungu amzidishie. Nagombana na hawa wanaoikata hadithi katikati. Mzee yule alipoulizwa atazifanyia nini hizo fedha, alitaja jengo la biashara hapa Arusha, halafu akataja shule. Shule! Alisema jirani zake wengi hawana uwezo wa kusomesha watoto, akasema pia angependa watoto wake mwenyewe waiendeshe biashara kitaalamu. Mtu anayeweza kununua ng'ombe wote kuanzia hapa hadi Namanga anataka ubao na chaki. Mimi niliyeula ubao na chaki kwa miaka kumi na sita nataka jiwe. Na hakuna anayekumbuka kwamba mashimo yaleyale ya Mirerani yamejaa wachimbaji, wanaapolo, ambao nao hawakusoma, wanashuka na kamba kila siku, na ugali wanakula kwa mkopo. Kama kutokusoma kungekuwa kunatoa tanzanaiti, nchi hii isingekuwa na deni. Nikisema hivyo naambiwa nina wivu. Ninao, ndiyo, lakini hoja yangu mbona haijibiwi?

Upande wetu wa wenye vyeti nao haupumziki kwa aibu. Kijiweni upande huo ni mimi na mwalimu mmoja mstaafu anayekuja kuchukua gazeti la jana. Sisi tunamtaja Reginald Mengi wa Machame, mhasibu aliyesomea Uingereza. Wenzetu nao wanamtaja Mengi huyohuyo, kwa sababu utajiri wake ulianzia kwenye kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, na vitabu vya hesabu za watu havikuhusika. Basi kila upande unabeba nusu ya marehemu na kuondoka nayo. Wakimleta Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule akiwa na miaka 14, mwalimu anakohoa na kusema elimu ya enzi zile ilikuwa elimu, mtoto aliyeacha shule wakati ule ni sawa na digrii ya huyu Msomi. Nawakumbusha kwamba mzee huyu yuko upande wangu.

Jambo ambalo kijiwe hakilioni, kwa sababu kinanitazama kwa mbali, ni hili: vyeti ndivyo vinavyonilisha. Sijasema vyangu. Kila nafasi za serikali zinapotangazwa, mlango wangu unajaa. Mwombaji anakuja na vyeti kwenye mfuko wa plastiki, anataka kuingia kwenye mfumo wa ajira. Anahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama kipo, cha chuo. Vyote viwe vimegongwa muhuri wa mwanasheria, ambaye hutoza kwa kila ukurasa na wala hausomi. Hati ya matokeo haikubaliwi, wanataka cheti chenyewe, na tangazo linalisema hilo kwa herufi kubwa, kana kwamba waombaji ni viziwi. Mimi naskani, napunguza ukubwa wa faili, napandisha, mtandao unakata, napandisha tena. Machi 2025, Mamlaka ya Mapato ilipofanya usaili, waombaji walikuwa zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Watu walihuzunika, na wakati huo mimi napiga hesabu ya kurasa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Uhamiaji waliwahi kuwasaili zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70, ikabidi wawaketishe Uwanja wa Taifa. Laiti ningekuwa na mashine ya kopi pale getini, leo Laizer angekuwa ananipigia simu mimi.

Kuna bibi mmoja wa Kiarusha alikuja na cheti cha mjukuu wake. Kilikuwa kimefungwa ndani ya lubega, kimekunjwa mara nne, kinanuka moshi wa boma, pembeni kina doa la mafuta ya kondoo. Nikamwambia, "Yeyo, hiki kinatakiwa kikae kwenye bahasha, kisikunjwe." Akanitazama namna ya kuniuliza kama changu kilinunuliwa au kiliokotwa. Akakikunjua mwenyewe mezani, taratibu, akaanza kunionyesha kwa kidole. Hapa kwenye jina ni ng'ombe mweusi mwenye baka usoni, ada ya kidato cha kwanza. Hapa chini ni mitamba wawili, pacha kwa rangi, wa kidato cha tatu. Alipofika kwenye muhuri akagota kidole: hapo ndipo alipo lile dume jekundu. Kusoma hajui, lakini cheti kile alikijua mstari kwa mstari kuliko mwanasheria yeyote mjini. Halafu akaniuliza, hao wakubwa wa Dodoma wakikiangalia kwenye kompyuta, watamwona dume? Nikaongeza mwanga wa skana, maana sikuwa na jibu lingine. Hela yake sikuchukua, jambo ambalo jioni ile dalali alilitumia kuthibitisha kwamba wasomi hawajui biashara.

Kijana mwenyewe hajaitwa bado. Anaendesha bajaji.

Ubishi ukipamba moto, kuna mzee mmoja pale hufunga mdomo kabisa. Anageuka, anaangalia magari ya baipasi. Sote tunajua kwa nini na hatusemi, isipokuwa mimi ninayesema hapa bila kumtaja. Aprili 28, 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Akawapa mpaka Mei 15 wawe wameondoka wenyewe, la sivyo sheria ichukue mkondo wake. Mzee wetu aliondoka. Ilipofika 2022 Serikali ya Rais Samia ikaagiza warudishiwe michango yao ya mifuko ya jamii, akanunua pikipiki, ndiyo hiyo anayoikalia.

Mimi siwatetei. Aliyetumia cheti cha kughushi alikalia kiti cha mtu, na huyo mtu huenda ni yule anayekuja kwangu kuskani kila mwaka mpaka cheti kimefifia. Lakini nikikaa peke yangu kibandani huwa inaniuma hivi: katika kijiwe kizima, mwenye uzoefu wa kazi wa miaka mingi, aliyewahi kupandishwa daraja, aliyewahi kwenda likizo ya malipo, ni yule mwenye cheti feki. Changu ni halali, kimethibitishwa, kina namba, kiko kwenye droo chini ya wino wa printa. Ofisini kwake watu walimlilia. Mimi tangu nihitimu hakuna ofisi iliyopata nafasi ya kunililia.

Na msako ule, mtakumbuka, haukuwagusa wanasiasa, tukaelezwa kwamba sifa ya nafasi zao ni kujua kusoma na kuandika tu. Ni kweli, Katiba ibara ya 67 haimtaki mbunge kuwa na elimu zaidi ya hapo, Kiswahili au Kiingereza, achague. Mwenyekiti wa mtaa vilevile. Kwa hiyo mwenye shahada ya uzamili akiomba kazi, anapanga foleni kwa mwenyekiti ili athibitishwe kwa barua kwamba ni mtu, na anaishi Terrat. Barua nachapa mimi, Sh1,000. Muhuri una bei yake.

Wakati mwingine nadhani hata wenye kuvitoa hivyo vyeti hawajaamua vina thamani gani. Mwaka 2013, baada ya matokeo ya kidato cha nne yaliyoliza nchi nzima, Wizara ilitangaza kuifuta divisheni ziro, badala yake iwepo divisheni tano. Mtoto amefeli vilevile, ila sasa ana namba. Nchi ikapiga kelele, wakarudi nyuma. Kisha ikaja GPA, waliomaliza 2014 wakapewa majina ya kizungu mazuri, distinksheni, meriti. Mapema 2016 tukarudishwa kwenye divisheni. Mpaka leo ninao wateja wa mwaka ule wa GPA ambao wakiulizwa "ulipata divisheni ngapi?" wanaanza kueleza historia.

Fundi gereji mmoja wa Unga Limited, aliyejifunzia injini chini ya magari ya watalii na asiyehitaji utangulizi kwa dereva yeyote wa mbugani, alikuja kwangu mwezi uliopita na cheti cha VETA. Wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuurasimisha ujuzi wao. Miaka yote alikuwa akinicheka. Alitaka laminesheni, tena ile nzito. Nikamuuliza kitamsaidia nini, mbona magari yanapanga foleni kwake? Akasema kampuni za utalii zinapotaka kuingia mkataba zinauliza karatasi, mikono haziulizi. Akakiweka ukutani juu ya rafu ya spana, mahali ambapo mteja hawezi kuingia bila kukiona.

Sasa dalali. Wiki iliyopita aliniita kwake, si kijiweni, kwake, na akafunga geti. Nikajua kuna kiwanja chenye kesi. Kumbe kuna binti. Amemaliza kidato cha sita, divisheni wani, wani yenyewe ya pointi nzuri. Huyu bwana anayetangaza kila jioni kuwa shule ni kupoteza muda amemlipia mtoto tuisheni likizo zote, amezima luninga nyumba nzima tangu binti aingie kidato cha tano, na mama mtu ananiambia kwa kunong'ona kwamba baba hulala na zile ripoti chini ya godoro, pamoja na hati za viwanja. Anataka binti aombe chuo cha uhasibu pale Njiro, karibu na nyumbani. Na anataka nijaze mimi, kwa sababu mtandaoni ukikosea herufi moja ya jina basi.

Nikajaza mpaka saa nne usiku. Majina yanalingana, namba ya mtihani sawa, picha sawa, malipo yamepita. Akanipa Sh5,000, akasema, "Ya soda hiyo, Msomi. Kazi yenyewe umekaa tu kwenye kiti."

Hapo nikasimama. Nikamwambia, mzee, wewe ukinyoosha fimbo tu unachukua asilimia kumi. Na mimi fomu hii nimeidalalia tangu magharibi, basi nipe asilimia kumi yangu.

"Asilimia kumi ya nini?"

"Ya mshahara wa kwanza wa binti."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua geti, akawaita jirani wote waje nirudie.