Tupa, Jiliwa na Injinia Mtarajiwa

SWALI: Niko mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi. Kidato cha sita nilipata divisheni wani ya pointi tatu, nikaja chuoni nikijua nitasanifu madaraja. Badala yake nashinda karakana nikipiga tupa kipande cha chuma kiwe mraba. Nikikipeleka, fundi sanifu anakiwekea skwea, anakiinua dirishani, akiona mwanga unapenya ananirudishia. Kaka zetu wa mwaka wa tatu wanasema nikusanye madesa, nilinde GPA. Nifanyeje? – Injinia Mtarajiwa, Changanyikeni.

JIBU: Pole kwa malengelenge, mwanangu. Kaka zako hawajakosea yote. Vyuo vingi vya Uingereza haviingizi alama za mwaka wa kwanza kwenye daraja la shahada, kwa hiyo wa huko wanaokuambia mtandaoni kwamba mwaka huu ni wa kuzoea mazingira wana haki ya kustarehe. Kwetu GPA hukusanywa tangu mwanzo, na C ya hesabu utakayoipata sasa utavaa nayo joho. Madesa yatafute, ujue mwalimu hupenda kuuliza nini. Ila usiyafanye mbadala wa jiliwa, na sababu yake iko mbali kidogo.

Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za juu zilizoning'inizwa ukumbini, moja chini ya nyingine, zilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa kwanza ulitaka vyuma virefu vya kuning'inizia vishuke kutoka darini, vipite njia ya juu, vifike ya chini. Ili nati ipande mpaka njia ya juu, ilibidi chuma kikatwe hesi sehemu kubwa ya urefu wake. Mtengenezaji aliona hiyo ni adhabu, akapendekeza kila chuma kiwe viwili: kimoja toka darini hadi njia ya juu, kingine toka njia ya juu hadi ya chini. Wahandisi wakapitisha. Fikiria watu wawili walioshika kamba moja, kila mtu kwa mikono yake. Kisha wa chini aiache kamba ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa kitu, lakini mikono ya wa juu sasa inabeba wawili. Ndivyo kiungo cha njia ya juu kilivyobebeshwa mara mbili. Tusimwonee mtengenezaji: uchunguzi ulionyesha kuwa hata kiungo cha mchoro wa kwanza hakikufikia kanuni za ujenzi za mji. Lakini waliopoteza leseni ni wahandisi, na hesabu ya kuligundua kosa ni statiki ya mwaka wa kwanza. Aliyewahi kukata hesi kwa mkono angejua mapema kwamba chuma kile kitaleta ubishi kiwandani.

Utaniambia siku hizi kompyuta inachora na mashine inachonga. Kompyuta itakuchorea hata kitu kisichotengenezeka, tena kwa rangi, na haitakuuliza spana itaingilia wapi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba karakana nyingi zimejaa, tupa moja inasubiriwa na watu kibao. Hilo ni kweli, na si la kutetea. Lakini anayesubiri anaweza kuchukua venia kalipa akapima kazi ya mwenzake na kutafuta kosa limeanzia wapi. Huo ni ukaguzi, na sehemu kubwa ya kazi ya injinia eneo la ujenzi ni huo. Tena shahada peke yake haitakupa hadhi ya mhandisi mtaalamu: Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka kwanza miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi, na msimamizi wako hatauliza madesa.

Sasa kuhusu kipande chako. Nahisi unapiga pande zote kwa zamu, kila upande ukiupima kwa mwingine ambao nao haujanyooka. Kwa mtindo huo kitaisha chuma kabla ya kosa. Nyoosha uso mmoja kwanza, uuwekee alama, pande nyingine zote zipimwe kutoka huo. Na tupa usiibembeze: ikiinama mwanzo na mwisho wa kila pigo, inakula kingo na kuacha kati pamevimba.