Jinsi ya Kuingia Chama cha Akina Mama Kombewa na Kufukuzwa Kabla ya Disemba

Anza kwa kuchagua chama chenye pesa. Usiulize akina mama hao hufanya nini. Uliza mzunguko ni shilingi ngapi na zamu yako itafika lini. Ukiambiwa kwamba hiki si nyoluoro cha kupokezana, ni kikundi cha kuchangia wengine, kama mjane aliyeachiwa deni la hospitali au mtoto aliyeitwa sekondari na nyumbani hakuna karo, cheka kidogo. Pesa ya kutoka isirudi ni ya nini? Halafu jiunge hivyo hivyo. Huenda kuna mfadhili.

Imani kwamba nyuma ya kila kikundi cha wanawake wa huku Seme kuna mzungu ni ya siku nyingi na ina afya njema. Itunze. Bahati nzuri Kombewa ina kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed, kile kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa hiyo magari ya watafiti hayakosi barabarani. Kila likipita moja mkutano ukiendelea, nyoosha kitenge chako.

Utapewa katiba usome. Usisome. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10 na katiba yao, basi wewe chukulia imeandikwa kwa ajili ya afisa wa serikali. Faini za kuchelewa, za simu kulia na za kunong'ona hela zikihesabiwa utazijua zikikufikia.

Sanduku likiletwa, utaona lina kufuli 3, na funguo ziko kwa akina mama 3, hakuna hata mmoja aliye mweka hazina. Sema kwa sauti kwamba hapa watu hawaaminiani. Kutakuwa kimya. Kisha Nyar Alego (hapa mke huitwa kwa jina la kwao) atakueleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo: kufuli hizo zinamlinda mweka hazina. Shemeji yake akibisha saa nne usiku na shida isiyongoja asubuhi, atajibu bila kugombana na mtu, "Ningekupa, shemeji, lakini ufunguo mmoja uko kwa Nyar Gem na mwingine uko huko ziwani."

Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, na wachuuzi wa samaki huja mkutanoni na salamu tu. Huo ndio wakati wako wa kutetea usawa. Dai kila mtu atoe sawa na mwenzake, au apigwe faini. Mwenyekiti ataandika hoja yako vizuri kabisa, kwa kalamu nyekundu, na kuendelea na ajenda.

Lakini kosa ambalo halisameheki kwa urahisi, na ambalo sisi tunaoishi mjini tunalimudu kuliko wote, ni la matanga. Tangu M-Pesa ije 2007 tumeamini kwamba kutoa ni kubonyeza. Basi msiba ukitokea, tuma elfu moja, weka alama ya tiki mbele ya jina lako kwenye WhatsApp, andika "poleni sana", ubaki Kisumu. Utakuwa wa kwanza kwenye orodha ya pesa. Bahati mbaya daftari la kikundi lina safu ya pili, ya waliofika. Humo wameandikwa waliochota maji, waliopasua kuni, waliokesha na mfiwa, waliosugua masufuria ya wali uliogandamana baada ya basi la Nairobi kushusha ukoo mzima wenye njaa. Mama aliyeleta shilingi 50 na mikono yake kwa siku mbili ametajwa kwanza. Wewe unatajwa mwishoni, pamoja na waliotuma viti.

Ukishafanya yote haya, ngoja barua ya kufukuzwa. Haitakuja. Mkutano wa Novemba, bila kukuuliza, watakuchagua mshika ufunguo wa tatu, na kuanzia siku hiyo sanduku halifunguki hadi uteremke kwenye matatu ya Bondo. Mkutano ni saa nane kamili. Wewe ukifika saa tisa, wenzako watakuwa wameketi chini ya mwembe na kitabu cha faini kiko wazi.