Muulize Somo: Siku Nne Barbados na Mama Mkwe wa Tanga

SWALI: Somo, shikamoo. Tunaishi Columbus, Ohio, na tumelipia likizo ya siku nne Barbados: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mke wangu ameandika ratiba ya kurasa nne. Siku ya kwanza fukwe za magharibi, ya pili kuzunguka kisiwa kizima, ya tatu kuruka hadi Saint Lucia kuona milima ya Pitons, ya nne manunuzi na uwanja wa ndege. Mama mkwe anauliza mtu mwenye akili zake analipaje nauli kwenda kutazama minazi. Kijana wetu mkubwa hasemi kitu, anapakia tu suruali zake za kombati. Nimuunge mkono nani, na nyumba ibaki na amani? – Niliyebanwa Katikati

JIBU: Marahaba, Niliyebanwa. Muunge mkono mama mkwe, ila kwa hoja ambayo yeye mwenyewe hajaitoa. Yeye anasema minazi ni ileile, basi msiende. Mimi nasema minazi ni ileile, basi nendeni mkae mahali pamoja, msiifukuzie kutoka ufukwe hadi ufukwe.

Tuanze na hesabu, maana ratiba ya mkeo imekosea hapo kabla ya kukosea pengine popote. Siku nne alizoandika si nne. Kutoka Columbus hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Barbados. Mtabadili njiani, Miami au kwingineko, na watu sita wenye mabegi hawabadili ndege, wanahama. Mtakapofika, mchana utakuwa umeshaliwa. Kisiwa kiko nyuzi 13 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kama Tanga, si kama kiangazi cha Ohio ambako watoto hucheza nje hadi saa tatu usiku. Siku ya mwisho nayo ni ya kufunga mizigo na kutazama saa. Mkitoa hizo, mnabaki na siku mbili kamili, na ratiba inataka moja kati yake itumike katika ndege nyingine.

Ndege hiyo inakwenda nchi nyingine. Saint Lucia ina uhamiaji wake na fedha yake, dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo dola moja ya Marekani huleta 2.70, wakati ya Barbados ni 2 kwa 1 tangu mwaka 1975. Mtapanga foleni ya pasi mara nne kwa siku moja: kutoka, kuingia, kutoka, kuingia. Na hiyo milima haiko kando ya uwanja wa ndege. Iko karibu na mji wa Soufrière, kusini-magharibi, na barabara ya huko inajipinda milimani kiasi cha kumtapisha mtoto aliyeshiba. Ni milima mizuri, imo katika orodha ya UNESCO tangu 2004, nayo inastahili likizo yake yenyewe. Yule mtu ambaye mji wenu umebeba jina lake alivuka bahari mara nne kati ya 1492 na 1504, akirukia kisiwa hiki na kile, na bado akawa anashikilia kwamba amefika Asia.

Mkeo atajibu kwamba, haya, tuiache Saint Lucia, lakini Barbados yenyewe ni ndogo, siku moja inatosha kuizunguka. Ni kweli ni ndogo: kilomita za mraba 431, na Unguja ni karibu mara nne yake. Lakini udogo huo unadanganya. Barabara za ndani ni nyembamba, na bahari si moja. Upande wa magharibi, kuanzia Holetown, maji yametulia na mtoto anaweza kuogelea huku mkimwona. Upande wa mashariki, Bathsheba, Atlantiki inaingia kwa nguvu zote, maana kati ya hapo na pwani ya Senegali na Gambia hakuna nchi ya kuizuia. Mikondo yake ni hatari, na watu huenda kutazama tu. Atakayezunguka kisiwa kwa siku moja atatumia saa nyingi garini, apige picha bahari asiyoweza kuiingia, na arudi kwenye ile anayoweza kuiingia jua likiwa limezama. Hapo familia imelipia maji na haikulowa.

Hoja ya fedha ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu inasikika kama busara: tumelipa nyingi, basi tuone vingi. Hela iliyolipwa imeshalipwa, mkimbie msikimbie. Swali lililobaki ni namna ya kuzitumia zile siku mbili, na hapo kuongeza kituo kunapunguza kila kituo kingine. Kama mkeo anataka mfano wa mtu mwenye heshima, mpe George Washington. Safari yake pekee ya ng'ambo ilikuwa Barbados, mwaka 1751, akiwa na miaka 19, alipomsindikiza kaka yake Lawrence aliyekuwa anaugua kifua kikuu. Alikaa kama wiki saba kwenye kisiwa hicho kimoja, na sehemu ya wiki hizo alizilala na ndui. Nyumba aliyofikia bado ipo, eneo la Garrison. Hakuna aliyemdharau kwa kutofika Saint Lucia.

Kukaa mahali pamoja hakumaanishi kufungiwa hotelini na bangili ya plastiki mkononi, mkila chakula kilekile cha Florida. Hilo nalikataa sawasawa na ratiba ya kurasa nne, kwa sababu linawanyima kitu kilekile: nafasi ya kisiwa kuwafikia. Fanyeni jambo moja kila asubuhi, liishe kabla ya chakula cha mchana, halafu muwe wa pwani. Pandeni zile hiace nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, wenyewe huziita ZR kwa herufi za namba zake. Konda yupo, muziki uko juu, na mbanano mnaujua. Vibao vya vituo vinasema ama unaelekea mjini ama unatoka mjini, basi. Hata mama mkwe hatapotea. Na magari yanapita kushoto, atakapovuka barabara kichwa chake kitageuka upande sahihi kabla ya vichwa vya wajukuu.

Sasa huyo mama. Usidharau swali lake la minazi, maana lina majibu mengi kuliko anavyodhani. Nazi za Karibi ni uzao wa nazi za Bahari ya Hindi. Wareno ndio waliozipeleka upande wa Atlantiki baada ya safari ya Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo akisema ameiona minazi hii kwao, hakosei. Ataliona na shelisheli, lililoletwa visiwa vile kutoka Tahiti mwaka 1793, kwa meli ya William Bligh, ili watumwa walishwe kwa bei nafuu. Ataletewa cou-cou, chakula cha taifa: ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia kwa mwiko wa mbao, ukiliwa na samaki warukao. Mpeni nafasi ya kuuonja polepole na kuukosoa, maana hiyo ndiyo likizo yake. Kisha apelekwe kwenye sanamu ya mtu aliyekata minyororo, iliyosimamishwa mwaka 1985, ambayo wenyeji huiita Bussa kwa jina la kiongozi wa uasi wa watumwa wa 1816. Hayo yote hayaonekani kwa mtu anayekimbilia ndege.

Kuna na sababu ya usalama. Mama mkwe atatafuta kivuli, na ufukweni kuna mti uitwao manchineel, wenye tunda kama tufaha dogo la kijani. Utomvu wake unaunguza ngozi, na hata maji ya mvua yanayodondoka majanini mwake huunguza. Mingi imepakwa mkanda mwekundu shinani. Mtu aliyekaa ufukwe mmoja siku mbili anajua mti upi wa kuukwepa. Aliyetua kwa dakika arobaini hujibanza chini ya wowote.

Mkeo mwambie haya usiku, watoto wamelala, na usitaje kwamba mama yake alikuwa sahihi. Kuhusu kijana, suruali za kombati zitoke begini leo hii. Barbados raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya kijeshi, na watoto hawakusamehewa. Mwache bibi yake ndiye amweleze. Tanzania nako raia hakatiwi shauri jepesi akivaa nguo za kufanana na za jeshi, naye bibi amekuwa akitafuta la kumkataza tangu atue Ohio.