Wanusa Protini Watano, Tukihesabu Kutoka Mkiani

Ugonjwa ukianza, protini huvuja kwenye damu au mkojo, mara nyingi kabla hujajua pa kushika. Hawa watano hunusa protini hizo. Nimewapanga kwa haki kabisa, kwa hiyo ubishi uanze ukishamaliza kusoma.

5. Chura. Miaka ya 1930, kufuatia kazi ambayo mwanabiolojia Lancelot Hogben aliianza akiwa Afrika Kusini, mkojo wa mwanamke ulianza kudungwa kwa chura jike aina ya Xenopus. Ukiwa na hCG, protini ya mimba, chura hutaga ndani ya siku moja hivi. Najua mimba si ugonjwa, shusha mkono. Hukumu: jibu sahihi, ila kipimo kilihitaji kulishwa.

4. Kipimo cha PSA. PSA ni protini ya tezi dume. Hupanda kwa saratani, hupanda kwa uvimbe usio saratani, hupanda kwa maambukizi. Hukumu: mbea. Msikilize, kisha uliza kwingine.

3. Kipimo cha troponini. Msuli wa moyo ukiumia, protini hii humwagika. Vipimo vya sasa huinasa ikiwa nanogramu chache tu kwa lita, na wagonjwa wengi hujulikana hali yao ndani ya saa moja hadi tatu. Hukumu: mwepesi, ingawa huja moyo ukishaumia.

2. Simoa. Kazi ya David Walt na wenzake, Marekani. Vijishanga vyenye kingamwili hukamata protini, kila kijishanga hukaa kwenye kishimo chake, chenye mzigo hung'aa, mashine inahesabu molekuli moja moja. Protini za ubongo zilizokuwa zikitafutwa kwenye maji ya uti wa mgongo sasa zinaonekana kwenye damu ya mkononi. Hukumu: pua kali kuliko zote. Tulia, naeleza.

1. Kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu ya kidole, dakika 15 hadi 20, kingamwili zilizobeba chembe za dhahabu zinakamata HRP2, protini ya kimelea cha falsiparamu, mstari mwekundu unatokea. Kwa pua, Simoa inakiacha mbali. Lakini hiki humfikia mtoto mwenye homa kule kusiko na maabara, mkononi mwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kasoro zipo: HRP2 hubaki damuni wiki kadhaa baada ya kupona, na Eritrea ililazimika kubadilisha kipimo mwaka 2016 kwa sababu vimelea visivyo na jeni ya HRP2 vilikuwa vimeenea. Hukumu: bingwa. Anayempigia kura Simoa aje na jenereta.