Mjomba wa Ughaibuni Ajibu: Keki Iko Wapi?

Barua zilizonifikia safari hii zote zimetoka Ujerumani, kwa vijana wetu waliokwenda kusoma, kulea watoto wa watu au kujifunza uuguzi. Kama kawaida, Mjomba hashughuliki na viza, hatumi hela, wala hana binti wa kumwunganisha mtu. Mwenye shida hizo aandikie ubalozi, benki na mama yake, kwa mpangilio huo.

*Shikamoo Mjomba. Nipo Leipzig, mwaka wa kwanza chuoni, nakaa nyumba moja na Wajerumani watatu. Juzi nilitimiza miaka 23. Kwa kuwa kwetu mwenye siku yake humwagiwa maji, asubuhi nilitoka chumbani nimevaa nguo za kulowana na simu nimeifunga kwenye nailoni. Sikumwagiwa hata tone. Walinipa mkono mmoja mmoja, wakasema hongera, wakabaki wamesimama. Kisha mmoja akauliza, "Keki iko wapi?" Mjomba, nimezaliwa mimi, na keki nadaiwa mimi? Tangu siku hiyo nakula chumbani. Nihame?*
*– Mkavu, Leipzig*

Marahaba, Mkavu. Usihame. Chumba hakipatikani kirahisi, na hao wenzako hawana kosa. Walikuwa na njaa tu.

Huko mwenye siku ndiye mwenye shughuli. Iwe ofisini, darasani au wodini, aliyezaliwa anaamka mapema, anakuja na keki aliyooka au aliyonunua, anaiweka jikoni na kisu pembeni, halafu anapokea pongezi. Kwa hiyo wakati wewe umesimama koridoni unasubiri ndoo, wao walikuwa wanasubiri kisu. Kila upande ulikuwa na adabu ya kwao, na wote mkalala njaa.

Bado hujachelewa. Wajerumani wanavumilia sana sherehe inayofanyika baada ya siku yenyewe. Wasichovumilia ni kutangulia. Kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni nuksi, hata kama ni jioni ya kuamkia. Wenye haraka hukusanyika usiku huo huo, wakaongea habari za mpira na kodi za nyumba huku jicho moja liko kwenye saa, na ikishatimu saa sita kamili ndipo wanakumbatiana. Ukimpongeza mtu saa tano na nusu, utaona nyuso zinavyobadilika.

Basi waalike, wao na wenzako wa chuoni. Na hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Usiseme "njooni tu Jumamosi." Kwa masikio yao hujaalika mtu, umetoa maoni kuhusu Jumamosi. Taja tarehe, taja saa, na uwape wiki mbili au tatu waiandike kwenye kalenda zao. Ukiandika saa moja jioni, watagonga kengele saa moja jioni, na ole wako wakukute ndiyo kwanza unaingia kuoga na mchele haujachambuliwa. Mmoja atakuja na saladi ya viazi, mwingine na bia zake mwenyewe. Usiseme wamekudharau, wameona huna uwezo wa kulisha watu. Ni ustaarabu wao, na kwa mwanafunzi ni ustaarabu wenye faida. Asubuhi yake utawakuta wanaosha vyombo bila kuombwa.

Maji je? Ukiona lazima mtu alowane, fanyeni nje, wakati wa joto. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana inayofika kodi ya miezi mitatu, na sakafu ya mbao iliyovimba ndiyo itakayoila.

Tena ushukuru umetimiza 23. Ungekuwa Bremen, unatimiza 30 na bado kapera, rafiki zako wangekupeleka kwenye ngazi za kanisa kuu ufagie mbele ya wapita njia, na hawakuachii mpaka atokee msichana wa kukubusu. Watu hao usiniambie hawajui utani. Wanaupangia tarehe tu.

*Mjomba, saa nne usiku, barabara tupu, hakuna gari hata la kusikika kwa mbali. Nimevuka taa ikiwa nyekundu, bibi mmoja akanifokea hadi nikafika ng'ambo. Ana haki?*
*– Mwenda Zake, Kassel*

Faini ya mtembea kwa miguu ni euro 5. Bibi amekufokea bure. Mshukuru.

*Mjomba shikamoo. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kupika nikashiba. Juzi nilikuwa natwanga karanga za kutia kwenye kisamvu, kwa kinu alichonipa bibi nilipoondoka, nikakuta kikaratasi chini ya mlango: "Jirani mpendwa, tunafurahi kuwa nawe katika nyumba hii. Tungependa kukukumbusha kuwa leo ni Jumapili. Kwa salamu za kirafiki, ghorofa ya pili." Nimekisoma nikitafuta tusi, sioni. Rafiki zangu wanasema huo ni ubaguzi wa rangi. Wewe waonaje?*
*– Mtwangaji, Dortmund*

Marahaba, mpwa wangu. Ubaguzi upo, na siku utakapokutana nao hutahitaji kuniandikia uulize kama ndio. Ila kikaratasi hiki angeandikiwa hata Mjerumani mwenzao aliyekuwa akitoboa ukuta.

Jumapili kule ina katiba. Kifungu kinachoilinda kama siku ya mapumziko kiliandikwa mwaka 1919, kikabebwa kama kilivyo kuingia katika katiba ya 1949, na hadi leo kinafanya kazi. Ndiyo maana maduka hufungwa, na ukisahau chumvi Jumamosi, Jumapili utaitafuta stesheni ya treni au kituo cha mafuta kwa bei ya kulia. Siku hiyo huwashi drili, hukati majani kwa mashine, huruhusiwi hata kwenda kutupa chupa kwenye pipa la vioo kwa sababu zinalia. Siku za kawaida ukimya unaanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa vaa viatu vya mtu wa chini yako. Kila mchi ukitua kwako, kwake taa inacheza, na hana namna ya kujua kwamba ni karanga.

Twanga Jumamosi mchana, na kinu ukiweke juu ya taulo nene lililokunjwa. Au nunua siagi ya karanga isiyo na sukari, inafanya kazi ile ile, mradi bibi asisikie. Kisamvu chenyewe sina shaka unakinunua kimeshatwangwa na kugandishwa, kwenye duka la Waafrika pale jirani na stesheni, kwa hiyo nusu ya dhambi ya kelele imebebwa na mtu mwingine huko kilikotoka.

Kikiiva, shuka na bakuli moja ghorofa ya pili. Bakuli litarudi limeoshwa, limekaushwa, na ni tupu. Najua kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Usilie. Pengine ndani yake kutakuwa na kikaratasi kingine, na safari hii kitauliza ile mboga inaitwaje.

*Mjomba, nimeaibika. Baada ya sherehe nyumbani kwetu nilijaza mifuko miwili ya makopo na chupa, nikapeleka kwenye mashine ya supamaketi. Mtanzania mmoja akaniona. Sasa habari zimefika Mbeya kwamba binti wa mwalimu amekwenda Ulaya kuokota makopo. Mama amelia kwenye simu. Nijitetee vipi?*
*– Binti wa Mwalimu, Köln*

Binti wa Mwalimu, muulize mama swali moja: huyo aliyekuona alikuwa anafanya nini kwenye mashine ya chupa?

Baada ya hapo mweleze taratibu. Kopo na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja vina amana ya senti 25. Chupa ya kioo ya bia kwa kawaida ni senti 8, na zile nyingine zinazorudishwa kiwandani kujazwa tena nyingi ni 15. Amana ya makopo ilianza tarehe 1 Januari 2003, na hulipwa dukani pamoja na kinywaji. Kwa hiyo hukuokota kitu, umefuata pesa yako mwenyewe. Makopo 16 ni euro 4, na euro 4 Köln ni chakula cha jioni kwa mtu anayejua kupika dengu. Hata huyo mwalimu aliyekuzaa anaijua hesabu hii, maana soda za Mbeya nazo zina ya kwake: kreti halitoki dukani bila chupa tupu.

Ila angalia mambo haya. Usilibonyeze kopo ukalifanya bapa, mashine inataka kusoma mistari ya pembeni. Risiti usiisahau mfukoni kwenye jaketi la baridi, mpe mtu wa kaunta. Chupa za mvinyo karibu zote hazina amana, usizibebe kwa tamaa. Na waulize wenzako kwanza, maana kuna mtu ndani ya nyumba hiyo ana makopo yake ameyahesabu.

Halafu kuna hili, ambalo hukuniuliza. Utawaona wazee mjini wanaingiza mkono kwenye mapipa, wengine wamevaa vizuri kabisa, wanatafuta hizo senti 25. Ukinywa soda njiani na hutaki kubeba kopo, usilitupe ndani. Liache pembeni ya pipa, limesimama. Wenyeji wengi hufanya hivyo. Habari hiyo nayo ipeleke Mbeya, wajue Ulaya ina watu wa aina ngapi.

*Shikamoo Mjomba. Wauguzi wenzangu wamenialika sauna Ijumaa. Nimenunua bukta mpya ya kuogelea. Mmoja ameiona, akacheka, akasema haihitajiki. Mjomba, wanaume na wanawake pamoja! Na msimamizi wetu wa wodi atakuwepo, mama mtu mzima anayenisahihisha kila siku namna ya kutandika kitanda. Jumatatu nitamtazamaje?*
*– Mwana wa Tanga, Freiburg*

Marahaba, mwanangu. Utamtazama usoni, kama yeye atakavyokutazama. Na shuka utatandika vizuri zaidi.

Nimecheka, kisha nikakuhurumia. Kule Unguja tunabandika mabango kuwaomba wageni wavae, na wewe umekwenda mahali bango linamwomba mgeni avue. Mwenye sauna anaona bukta ni uchafu, kwa sababu inabeba dawa za bwawa na jasho la jana. Ukienda, nenda na taulo kubwa. Oga kwanza. Ukikaa, taulo liwe chini yako hadi nyayoni, jasho lisiguse mbao. Macho yaelekee kwenye mlango, mawe au dhamiri yako. Mhudumu akimwaga maji kwenye mawe na kuanza kupunga taulo, mlango haufunguliwi ovyo, kwa hiyo kama hujazoea kaa benchi la chini kabisa. Joto hupanda hadi nyuzi 90. Dakika ya kwanza utasema mimi ni wa Tanga, nimeishi Februari. Dakika ya sita utaitaja shahada.

Lakini si lazima uende, na hilo ndilo nilitaka kukuambia. Kwetu kukataa mwaliko kunahitaji msiba, au angalau mgeni kutoka Korogwe. Huko unasema "hapana, asante," na yamekwisha. Hakuna atakayeuliza mara ya pili, wala kununa, wala kupeleka habari kwa shangazi yako. Wanaamini umemaanisha ulichosema. Jihadhari tu mezani, maana sheria ni ile ile: ukiulizwa kama utaongeza chakula, ukajibu hapana kwa heshima huku ukitegemea ubembelezwe, sufuria inaondoka. Vijana wengi wamekonda hivyo.

Waambie waende salama, kisha uwaalike siku nyingine kwenye bwawa la kuogelea. Pale bukta ni lazima, na hela yako haitapotea.

*Mjomba, mama hunipigia simu kila siku saa moja asubuhi kutoka Morogoro. Tangu mwisho wa Oktoba analalamika kuwa nimekuwa mvivu, napokea kwa sauti ya usingizi. Sijabadilika kitu. Nimweleze nini?*
*– Mpokea Simu, Bonn*

Usimweleze. Majira ya joto, saa moja ya Morogoro ni saa kumi na mbili asubuhi kwako, umeshavaa soksi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakarudisha saa nyuma, na sasa simu ile ile inakukuta saa kumi na moja alfajiri. Hakuna mama wa Kitanzania utakayemwambia kuwa serikali imesogeza saa akakuelewa. Jua lake linachomoza pale pale, na kama saa zinasogezwa, atauliza, mbona zako zimesogea kuelekea kitandani?

Kumwomba apige saa mbili haiwezekani, muda huo yuko sokoni ana wateja. Tega kengele saa kumi na moja kasoro dakika tano. Inuka, kunywa maji, sema "shikamoo mama" mara mbili tatu ukutani mpaka sauti ifunguke, kisha ngoja. Akikata, rudi kulala. Jumapili ya mwisho ya Machi uvivu wako utapona wenyewe, na mama atawaambia majirani ni kwa maombi yake.