Kafyu Ilivyowafundisha Wauzaji wa Ex-UK

Mtchw! Eti korona iliua biashara ya vitu vilivyotumika hapa Eldoret? Iliua ya nani, bwana?

Mwisho wa Machi 2020 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba, visije vikatuletea virusi. Haya. Lakini laptopu aliyoikoholea karani wa London miaka mitatu iliingia nchini bila kuulizwa homa yake! Mama wa mitumba pale West Market alibaki na robota la mwisho, akingoja hadi Agosti marufuku iondolewe, na jirani yake wa vifaa vya ex-UK, yaani vilivyotumika Uingereza, hana habari.

Jirani huyo tena ndiye aliyenoga. Shule zimefungwa, masomo yamehamia mtandaoni, wazazi wanatafuta mashine na mpya haishikiki. Zilizokuwa zikikusanya vumbi rafuni ziliondoka na vumbi lake. Wenye hela zao nao walikuwa wamebanwa: mji huu unajengwa na pesa za wanariadha, na mwaka ule hata Boston, mbio zilizoanza 1897, ilifutwa. Aliyezoea friji mpya alianza kuulizia iliyotumika, kwa sauti ya chini, asisikike.

Ila kafyu, ndugu zangu! Mwanzoni, saa moja jioni kila mtu ndani. Muuzaji huishi kwa saa hizo, watu wakitoka kazini. Ndipo duka likahamia kwenye simu: picha kwa WhatsApp, pesa kwa M-Pesa, mzigo kwa bodaboda. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu hivyo, mpaka Oktoba 2021 kafyu ilipoondolewa, na wengi hawakurudi tena kulipia kodi ya kibanda. Ningerudi mimi? Thubutu.

Tatizo ni kwamba picha haina harufu. Haikuonyeshi betri iliyochoka wala kioo kilichobadilishwa juzi. Watu walilizwa, tena sana, na nasema wauzaji wenyewe ndio waliojiharibia jina. Sasa mteja wa mtaa wa Langas hatumi hata shilingi kabla ya kuona video ya simu ikiwaka, na asilimia ya betri isomwe kwa sauti. Wengine wanamwongezea mtu wa boda hela kidogo aiwashe mwenyewe kabla hajaipakia.

Mtu wa boda, jamani, amekuwa mkaguzi! Na ukimwangalia, simu yake mwenyewe imefungwa kwa raba.