Jinsi ya Kusikiliza Tekno Bila Kuumbuka

Umealikwa kwa mtu mwenye santuri nyingi na fulana nyeusi tupu. Ataweka albamu ya muziki wa tekno, atafumba macho, kisha atakuuliza umeionaje. Kabla hujafungua mdomo, zingatia haya.

Kwanza, usiulize wimbo unaanza lini. Umeshaanza. Ile "du, du, du, du" uliyodhani ni fundi anajaribu spika ndiyo ngoma yenyewe. "Fizheuer Zieheuer" ya Ricardo Villalobos, ya mwaka 2006, inapita nusu saa. Ukibanwa na haja, nenda msalani kwa raha zako, utaikuta palepale.

Pili, usimsubiri mwimbaji. Hayupo, wala hakuchelewa.

Tatu, beba majina mfukoni. Mwenyeji akidai tekno ni mali ya Wajerumani, mkatalie kwa adabu: waliouasisi muziki huu miaka ya 1980 ni vijana weusi wa Detroit, Marekani, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1994 Robert Hood, naye wa Detroit, akatoa "Minimal Nation": akafyeka mapambo yote, akabakiza ngoma na vijisauti vichache. Mengine yote yakikutoka kichwani, sema, "Hood alishayamaliza haya tangu 1994," halafu nyamaza. Ukimya wako utahesabiwa kuwa elimu.

Nne, majina ya nyimbo usiyatafute. Wolfgang Voigt wa Cologne alitoa mfululizo wa santuri uitwao Studio 1, akazitofautisha kwa rangi tu. Ukitamka kwa utulivu kwamba nyekundu imeizidi ya kijani, hakuna atakayethubutu kukubishia.

Tano, chunga kiuno. Kinachoruhusiwa ni kichwa, tena kidogo. Kwa mtoto wa Manzese aliyekulia kwenye singeli ya mapigo 200 na ushei kwa dakika, mapigo 130 ni foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Vumilia.

Sita, na hili si mzaha: usisikilize kwa spika ya simu. Chukua "Consumed" ya Plastikman, ya mwaka 1998. Uzito wake wote umelala kwenye besi, na simu haina besi. Utabaki na mikwaruzo, uondoke ukilaani muziki usiousikia. Tafuta spika za maana au vipokea sauti vizuri. Kisha chagua sauti moja, tuseme matoazi, uifuate hiyo tu. Dakika ya kwanza inakata kavu: ts, ts, ts. Kufika ya nne imeacha mkia, tsss, na mwangwi wake unagonga nyuma ya ngoma. Hakuna kilichoongezwa. Kuna mtu anazungusha kitufe, polepole mno, na kazi yote imo kwenye mkono huo.

Hapo ndipo penye hatari. Ukishausikia mkono huo mara moja, dakika kumi zitaanza kuonekana chache, na wewe ndiye utakayewaambia wageni wanyamaze. Ikifika hapo, nunua albamu zako mwenyewe. Mwenye fulana nyeusi haazimi mtu santuri.